Mwaka Mmoja wa Blogu Yangu, na Sasa Wananiita Redio

Jumapili

Kutoka Kalundu mpaka Makobola hakuna muntu anayeandika kama miye. Hata ziwa likinisoma linatulia. Leo blogu imetimiza mwaka, na sekondari yenyewe sikumaliza. Yule mwalimu wa Kifaransa aliyesema sijui kuandika aje aniombe msamaha.

Habari zangu nazitoa pale Mama na wenzake wanapoanika ndagala, vile visamaki vya ziwa. Mikono ikiwa kazini, midomo haifungwi. Miye nabeba mabeseni, nasikiliza, naandika. Iliyosomwa kuliko zote ni ya tantine Zawadi, dada wa baba, anayelia kwenye vilio vya watu asiowajua mpaka bugali ifike. Mtaa wote ulicheka.

Leo nimefika na beseni, tantine akapaza sauti:

“Nyamazeni, redio imefika!”

“Tantine, si nilikupa jina kubwa?”

“Ulinipa, mwanangu. Sasa nikilia, watu wananichungulia macho kama yameloa.”

Wakacheka, kisha wote wakaanza kusifu jua. Jua tu.

Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kuna nini.

“Utaandika,” akasema, akaendelea kugeuza ndagala.

Hiyo singeandika. Lakini hapo ndipo mwaka wangu ulipoharibika kweli: mama yangu iko na shida, na miye hataniambia.