Majina ya Kujaribia

Nanjala binti yangu,

Nimekaa kwenye meza yako, pale dirishani, miguu nimeiinua juu ya stuli kama daktari alivyoagiza. Imevimba. Moyo umechoka kazi, ndivyo ilivyo. Daktari ni kijana mwenye adabu. Alianza kunizungushia maneno, nikamwambia aseme tu. Akasema. Kwa hiyo nakuandikia nikijua muda wangu si mrefu, na nashangaa jinsi nilivyotulia. Nina mambo mawili tu ya kukiri, nisiende nayo huko.

La kwanza ni jepesi. Nimekuwa nikimdanganya mama yako. Tangu tulipokuzika, karibu kila alasiri nimekuwa nikivaa koti, nikichukua bakora na kumwambia naenda kuketi na wazee wa kanisa. Siendi kwa wazee wa kanisa. Naenda kwa Kasim.

Ndiyo, Kasim wako, mwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko la mtaa wetu hapa Jericho. Amepaka mabati rangi ya buluu siku hizi na amenunua viti vyenye mgongo. Nadhani vile viti alivinunua kwa ajili yangu, ingawa hakubali. Ile mashine ya pembeni, uliyokuwa ukiitumia kuwajaribishia watu gemu yako, hajafuta chochote ndani yake. Wengine wanacheza mpira na kupigiana kelele, mimi nakaa kwenye kona na gemu yako. Wamenizoea. Wananiita Buda, yaani mzee kwa lugha yao. Nikiingia kuna mmoja asiyekosa kuniuliza, "Niaje Buda, leo unalia ama unazaliwa?" Nami humjibu kwamba leo nalia kidogo, kesho tutaona.

Ungecheka. Mimi niliyefundisha falsafa katika chuo cha walimu mpaka nikastaafu, mimi niliyekuambia mezani kwamba gemu ni za watu wasio na la kufanya. Hukubishana nami. Uliniuliza tu kama ninaweza kukutajia majina ya wafu wetu wote, nikafurahi, nikadhani hatimaye umependa historia ya ukoo. Ulivaa vile visikizi vikubwa shingoni, nami nikataja, nikieleza kila mmoja aliishi vipi. Sikujua unapanga kuwaweka wapi.

Unakumbuka nilivyokusimulia ulivyopata jina? Ulizaliwa ukilia. Ulilia mpaka majirani wakaja. Kwa desturi yetu, sisi watu wa Bungoma, mtoto akilia hivyo basi kuna mtu anayetaka kukumbukwa, na akina mama humpakata na kuita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto alinyamazie mojawapo au apige chafya. Hilo ndilo lake. Wewe ulinyamazia jina la mama yangu, na tangu siku hiyo likawa lako, halikuitwa tena pamoja na ya wafu. Ulipokuwa msichana mkubwa ulinijia na swali ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza: "Sasa baba, mimi ni mimi, ama ni yeye amerudi?" Nilikupa jibu refu la kitabuni. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Sawa, lakini hujajibu."

Gemu yako ndiyo swali hilo. Mchezaji ni mtoto aliyezaliwa juzi, na kilio chake ndicho kinachofungua milango. Sauti inaita jina, sauti yako wewe, na mlango wa nyumba unafunguka katika mtaa unaofanana na huu wetu. Ukiingia unaishi kidogo maisha ya mwenye jina. Ukilipenda, unabonyeza, unanyamaza, kunakucha, na gemu inaisha. Usipolipenda, unaendelea kulia na jina jingine linaitwa. Mtoto akitembea nyayo zake zinalia kwap, kwap. Nilizitambua siku ya kwanza. Ni viatu vyangu vya tairi nilivyonunua sokoni Kariokor. Ulinasa sauti yake kwenye ujia wa nyumba hii bila kuniambia.

Katika nyumba ya kwanza yumo nyanya yangu, ameketi mlangoni. Mumewe alichukuliwa kwenda kubeba mizigo katika vita vya Wazungu, akaacha mtoto mgongoni mwa mkewe, hakurudi. Hakuna la kufanya mle ndani ila kuketi naye. Kubonyeza hakuleti kitu. Mtu anaketi na kusubiri, na ni juu yake kuamua kuondoka. Kasim alinisimulia juu ya jamaa mmoja fundi wa magari aliyekuuliza, "Hii game haina hata bunduki? Sasa hapa nashinda nani?" nawe ukamwambia, "Hushindi mtu. Tembea." Akaketi na nyanya yangu mpaka muda wake ukaisha, akaondoka, na kesho yake akarudi palepale.

Katika nyumba ya pili yumo babu mdogo aliyekuwa askari wa chifu. Huyo nilikutajia kwa shingo upande. Aliwachapa watu, akala kuku wao, na jioni akarudi kuwaimbia wanawe kwa sauti nzuri kuliko zote. Umemwekea vyote viwili, fimbo na wimbo, na jina ni moja. Mchezaji hawezi kuchukua wimbo akaacha fimbo. Nanjala, nilifundisha maadili kwa miaka mingi kwa ubao na chaki, na sikuwahi kulibana darasa langu kama ulivyonibana mimi kwenye mlango wa yule mtu. Mtu akisoma kitabu anaweza kukifunga na kusema atafikiria. Pale kuna kitufe chini ya kidole, na kutokibonyeza pia ni jibu.

Kuna na nyumba ya mtoto aliyekufa kabla hajafanya lolote duniani. Haina kitu ndani. Jua tu linaingia dirishani, na mtu anaweza kusimama kwenye lile jua kadiri anavyotaka. Nilisimama sana humo.

Sasa lile la pili.

Baada ya majina niliyokupa yanakuja mengine mawili. Utakumbuka tulivyogombana juu yake. Ulinionyesha kipande cha kwanza kwenye kompyuta yako, hapa mezani, na baada ya wafu wote nikasikia sauti yako inaita, "Wekesa," jina langu, halafu, "Nanjala," na kicheko kidogo nyuma yake. Niliruka kwenye kiti. Nilikuambia jina la aliye hai haliitwi mbele ya mtoto anayelia, ni kama kumtengenezea mtu kaburi, hata mjinga anajua hilo. Ulinishika mkono. Ukasema, "Tulia baba, hayo ni majina ya kujaribia tu. Nyumba zao ni tupu. Nikimaliza nitayatoa."

Hukumaliza. Homa ya mapafu ilikuja, na siku chache tu baadaye tulikuwa njiani kwenda Bungoma nawe nyuma ya gari. Sijalaumu gemu. Nimesoma vya kutosha nisilaumu gemu. Lakini nilipoenda kwa Kasim mara ya kwanza nilikwenda na nia ya kumwambia ayafute yale majina mawili. Nikaketi, nikapita nyumba zote nikilia, nikafika kwenye langu, nikasikia lako. "Nanjala." Na kile kicheko.

Sikumwambia afute. Nilirudi kesho yake kulisikia tena.

Ndivyo nilivyoishi tangu uondoke, mama yako akidhani nasali. Ninaenda, nafika kwenye jina lako, mlango unafunguka, nasimama kizingitini. Siingii na sibonyezi. Naendelea kulia, majina yanaanza upya kutoka kwa nyanya yangu. Kasim aliwahi kuniambia kwa upole, "Mzee, hata ukibonyeza unaweza kuanza tena, haipotei." Nilimjibu kwamba najua. Sikuwa naogopa sauti yako kuisha. Niliogopa ile hatua ya kukubali kwamba jina lako ni jina la kuitwa pamoja na yale mengine.

Haya yangekuwa mambo yangu mwenyewe, kama Simiyu asingepata mtoto.

Kaka yako amepata binti. Una mpwa, hapana, kwa desturi una mtoto, wewe ni shangazi yake. Simiyu amefuga ndevu na anabeba nepi mfukoni kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Aliwaleta mkewe na mtoto wakae nasi mpaka mkewe apate nguvu, na binti huyo analia, Nanjala, analia kama wewe. Mama yako na shangazi yako walimpakata wakaanza kuita. Waliita wote niliokupa na wengine niliowasahau. Alilia kwa kila jina. Kisha wakaniangalia, maana kila mtu chumbani alijua ni jina gani limebaki.

Nilisema, "Hilo hamtaliita nikiwa hai."

Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikitumia darasani. Wakatii. Basi mtoto akabaki bila jina la nyumbani, wakawa wanamwita Kadogo, na akaendelea kulia. Nilipokuwa nikitoka kwenda kwa wale wazee wangu wa kanisa, kilio chake kilinifuata mpaka kwenye kona ya soko, na kwa Kasim nikakikuta kingine kwenye skrini. Mama yako hakunigombeza. Wewe unamjua, angegombeza ningepumzika. Siku moja tu, akinifunga kamba za viatu kwa kuwa siwezi kuinama, aliniuliza bila kuinua uso, "Baba Simiyu, wewe unataka mtoto huyu alie mpaka lini?"

Hilo nalo ni swali la gemu yako. Nilikwenda nalo.

Wiki iliyopita Kasim alinishika kwapa kunivusha mtaro, akaniweka kwenye kiti. Nilianza. Niliketi na nyanya yangu kidogo, nikamuaga. Nilisimama mlangoni kwa askari nikamwambia wimbo nimeusikia na fimbo nimeiona. Nilisimama kwenye jua la yule mtoto. Jina langu likaitwa, nyumba ikafunguka tupu, nikaitazama kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Si mbaya. Halafu ukaita lako.

Safari hii niliingia. Ulisema ni tupu na kweli ni tupu. Hakuna meza wala picha, kuta za kijivu tu, na viatu vyangu vinalia kwap, kwap. Lakini nikagundua kwamba mle ndani kicheko chako hakikatiki kama kinavyokatika ukisimama nje. Kinaendelea. Unacheka, halafu unamwambia mtu, nadhani ni Kasim, "Subiri, subiri, nianze tena." Hukuzima kinasa sauti. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiningoja ndani muda wote niliokataa kuvuka kizingiti.

Nikabonyeza.

Kilio kikakoma. Kukakucha mtaani, mwanga ule wa asubuhi kwenye mabati. Na hakuna aliyeita tena. Wale wa mpira walikuwa wameacha mchezo wao, wamesimama nyuma yangu. Sikujua walianza kutazama saa ngapi. Kisha yule msumbufu akasema, "Buda amezaliwa," na kibanda kizima kikacheka, nami nikacheka nao, na machozi niliyafuta hadharani bila aibu yoyote.

Nyumbani nilimwambia mama yako anipe mtoto. Nilimweleza pia nilikokuwa nikienda. Alisema alijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wazee wa kanisa hukutana Jumamosi, na hakuna mzee wa kanisa anayerudi nyumbani akinuka chipsi. Nikampakata mjukuu wangu. Kwa kawaida si kazi ya mwanamume hiyo, lakini ni mimi niliyekuwa nimefunga mlango. Nikaita jina lako.

Hakunyamaza. Nakuambia ukweli kwa kuwa huu si wakati wa kupamba. Alinitazama, akapiga chafya kubwa iliyonilowesha shati, akaendelea kulia palepale. Simiyu akauliza kama hiyo inahesabika. Mama yako akasema inahesabika sana, mtoto ana njaa tu, mpelekeni kwa mama yake. Tangu hapo ni Nanjala. Bado analia. Lakini sasa tunajua tumwite nani.

Swali lako sijalijibu hata sasa, kama ni yeye au ni wewe umerudi. Nimelibeba tangu ulipokuwa msichana na naona nitaondoka nalo. Lakini siogopi tena kulibeba. Nikimtazama namwona yeye mwenyewe, ana hasira ambazo si zako. Nikimwita, nakusikia. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mtu wa umri wangu anaweza kulala vizuri juu ya hayo.

Pumzika, binti yangu. Jina lako limepata wa kuliitikia asubuhi. Nami nakuahidi hili: siku wakimpakata mtoto wa mtu fulani anayelia na wakafika kwenye jina langu, sitajifanya sisikii.

Jana Kasim alikuja kunijulia hali. Akaniuliza, kwa heshima, macho yake yakiwa chini, kama sasa ayatoe yale majina mawili ya kujaribia, kwa kuwa anajua nilikasirika. Nilimwambia lako liko mahali pake. Na langu aliache palepale lilipo. Leo bado ni kosa, lakini halitakuwa kosa kwa muda mrefu, na sauti inayoliita ni yako.

Baba yako,
Wekesa