Tajiri Alikuulizia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi nipo, ila tumbo ndilo lililonishikisha kalamu.

Uliniuliza vidonda vya tumbo vimetoka wapi. Daktari alisema ni vijidudu, pamoja na dawa za maumivu nilizokuwa nikimeza bila kula, na kwamba wasiwasi huchochea moto. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilijua chanzo chenyewe kina masharubu na kinaitwa Kengele, msimamizi wetu wa kiwandani. Ndiye aliyekuwa akinisimamia mgongoni hadi chakula kinapoa na kichwa kinaniuma. Ndiye aliyeinua shati nililoshona mbele ya mafundi wote, akasema mkono wangu unafaa kushona magunia. Wakacheka. Nikacheka nao, dada, na siku hiyo nikaapa.

Usinihubirie. Sikumtukana wala sikumgusa. Kila asubuhi nilimwamkia kwa heshima, kisha nikamwambia kwa upole kwamba tajiri, mwenye kiwanda, alimuulizia. Akitaka kujua kuna nini, nilijibu kwamba hakusema, ila uso wake haukuwa mzuri. Basi. Wenzangu walisikia, wakainamia cherehani zao. Tajiri mwenyewe wala hakuwa na habari naye.

Kengele akaanza kuacha chai. Akaanza kushika tumbo. Mwezi uliopita alitapika damu stoo, akabebwa, na kazi ikaishia hapo. Wengine walimhurumia. Mimi nililala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeuonja tangu niajiriwe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sijuti hata kidogo.

Lililobaki usimwambie mama. Nimepewa kiti chake. Fundi aliyechukua cherehani yangu, yule niliyemgombeza juzi kwa mshono uliopinda, sasa ananiamkia kila asubuhi kwa adabu nyingi, kisha ananiambia tajiri aliniulizia. Najua mchezo huo, mimi ndiye niliyeubuni. Namtazama usoni, naye anatabasamu. Lakini jana nilikwenda hadi mlango wa tajiri, nikarudi bila kubisha, na chakula changu nikampa mlinzi.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mama akiuliza, mwambie nimepanda cheo na ninakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu