Mbao Zilizokauka Juu ya Jiko

Makambako,
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na kwa salamu ya nyumbani, kamwene. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, mgongo umekupa nafuu, na mama ameshapona kile kikohozi cha baridi. Mimi sijambo. Upepo wa Makambako ni ule ule, unaingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa, ila tumeuzoea. Lidia, binti wa Makete ninayepanga naye, anakusalimu sana. Anasema kwao Iwawa upepo kama huu watu huanikia nguo na kushukuru.

Ningeweza kupiga simu, lakini tangu sikio lako liharibike simu kwako ni kelele tu, na haya sikutaka yapitie kwa Filbert. Kaka yangu huyo hata habari ya msiba huifikisha ikiwa imegeuka kichekesho. Kwa hiyo naandika, usome taratibu karakanani, kazi ikipungua.

Baba, sabuni imetoka. Nimeanza na mwisho kwa sababu najua umekaa ukiusubiri bila kuuliza. Siku baba mdogo Shadrack aliposema mbele ya watu wote kwamba nimesomea kemia chuo kikuu ili nije kukoroga mafuta kama mpika pombe, wewe uliendelea kupiga randa. Nilidhani unakubaliana naye. Baadaye nikapokea mbao.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Dada Hyasinta ana duka la vipodozi karibu na stendi, na hupeleka bidhaa kwenye nyumba za wageni kule Njombe mjini. Aliipenda harufu ya sabuni yangu ya mafuta ya parachichi, akaniahidi rafu nzima, kwa sharti kwamba nimletee sabuni ambayo hatalazimika kuiombea radhi. Alinipa hadi mwisho wa mwezi huu. Na mwisho wa mwezi huu ndio baba mdogo alitaka jibu langu kuhusu ile nafasi ya ukarani aliyonitafutia Iringa. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nikishindwa, ndoo na miiko naviacha kwa Lidia, mimi napanda basi.

Vipimo vya mafuta na magadi makali ya kostiki havikunisumbua. Kilichonitesa ni kasha la kumiminia. Uji wa sabuni hauna adabu, Baba. Unashika mbao, unapenya kila ufa, na ukishaganda hautoki bila kubomoka, kwa hiyo kasha lazima litandikwe kitu ndani kabla ya kumimina. Mara ya kwanza nilinunua mbao mbichi za paini hapa hapa mjini na kutandika magazeti. Sabuni ikatoka na maandishi ubavuni, yakiwa yamegeuka nyuma mbele. Dada Hyasinta alivaa miwani, akaizungusha kwenye mwanga, akaniuliza mteja anunue ya kuogea au ya kusoma. Nilicheka naye. Nilipofika chumbani sikucheka tena.

Mara ya pili nilitumia nailoni ngumu, ile wanayofunikia vitalu vya miche. Nilikata kipande kimoja kikubwa nikakisukumiza ndani hadi kwenye kona. Kikajikunja kila mahali, na zile mbao mbichi nazo zilikuwa zimeanza kupinda, kwa hiyo sabuni ikatoka na makunyanzi na tumbo upande mmoja. Dada Hyasinta akasema ina uso wa bibi yake wa Wanging'ombe, na kwamba bibi yake alimpenda sana lakini hakuwahi kumpanga dukani. Jioni hiyo nilianza kutafuta maneno ya kumjibu baba mdogo.

Ndipo Filbert alipofika na lori la viazi akaniletea mbao zako, umezikata kwa vipimo nilivyokuwa nimemtajia yeye nikimlilia kwenye simu. Saiprasi, nyepesi, zilizonyooka kama rula, zina rangi ya asali na harufu ya moshi. Nilizigonga kwa kidole, zikalia. Nilishangaa, Baba. Kwako mbao hazikai. Zikifika Jumatatu, Jumatano zimekwisha kwenda makaburini. Nikamuuliza Filbert umepata wapi mbao zilizokauka hivyo. Filbert alisema hajui, akaanza kusifu viazi vyake.

Fundi Frederick wa jirani aliniunganishia kasha. Nikakaa sakafuni na nailoni mpya mapajani, naogopa kuikata. Na pale, bila kutafuta, nikakuona wewe. Nilikuona umeinamia jeneza, mimi ni mdogo, nimeshika kopo la misumari midogo, na kitambaa cheupe kiko begani mwako. Hukuwahi kukisukumiza kitambaa kwenye kona. Ulikuwa unakata vipande viwili, kimoja cha urefu na kimoja cha kukatiza, unavikunja kwanza juu ya benchi na kupitisha mgongo wa kisu kwenye mkunjo, kisha unavilaza kimoja juu ya mwenzake, ncha zikitoka nje ya ukingo, ndipo unazivuta na kuzigongea kwa nje. Mama Feliciana, jirani yetu, alikuuliza siku moja kwa nini unahangaika na kitu kitakachofukiwa. Ukamjibu kwamba anayelala humo hawezi kulalamika, kwa hiyo fundi ndiye alalamike kwa niaba yake.

Nikafanya hivyo hivyo. Vipande viwili, mkunjo nikaupitishia mgongo wa kisu, ncha nikazibana nje kwa vibanio vya nguo. Lidia aliponiuliza nimejifunza wapi, nikamwambia ukweli. Aliweka mwiko chini, akasema si haba, wateja wa baba yangu hawajawahi kurudisha mzigo.

Tulimimina, tukafunika kwa blanketi. Kesho yake nilipovuta zile ncha, sabuni ilipanda yote kwa pamoja, kama mkate kutoka kwenye bati. Pande zake laini, kona zake kali kiasi kwamba Lidia alijifanya amejikata. Dada Hyasinta aliigeuza, akaipitishia kidole gumba. Aliita msichana wake aondoe mafuta ya nywele kwenye rafu ya mbele. Baba mdogo nimeshamjibu, kwa heshima, kwamba nafasi ile ampe mwingine.

Sasa, Baba, kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua hii.

Kabla sijatandika ile nailoni, niliwasha taa ya simu nikague kona. Ubaoni kwa ndani niliona maandishi ya penseli. Naujua mwandiko ule. Naujua pia utaratibu wako: mbao za kila marehemu unaziandika jina lake kwa ndani, zisichanganyike, na kitambaa kinakuja kulifunika. Jina lililoandikwa lilikuwa Jacob Mgaya.

Kwa hiyo nimejua zilikokaukia. Ni zile za juu ya jiko la mama, ulizotukataza kuzigusa tukiwa wadogo, ukasema zina mwenyewe.

Nilishika nyundo nilibomoe kasha. Nilitaka kuzifunga mbao zako na kukurudishia. Kisha nikawaza kwamba mtu anayetoa mbao za jeneza lake mwenyewe bila kusema neno, amesema. Nikatandika, nikamimina. Jina lako sikulifuta. Liko pale chini ya nailoni kila ninapomimina, na mbao sizirudishi. Zimeshapata kazi, na wewe pia unayo, maana Dada Hyasinta anataka sabuni nyingi kuliko kasha moja linavyoweza kutoa. Nahitaji la pili. Tafuta saiprasi mbichi, uipandishe juu ya jiko, uisubiri ikauke kama ulivyoisubiri ile. Na safari hii, Baba, kwa ndani usiandike jina la mtu. Andika tu: sabuni.

Msalimie mama, umpe kile kipande kikubwa cha sabuni kinachokuja na barua hii, nilichofunga kwa kitambaa. Kidogo ni cha Filbert, aoge kabla ya kupakia viazi. Wasalimie wote wa jumuiya, na Mungu azidi kuishika mikono yako.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Telesia