Mkono wa Kumwozesha Zuhura

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya chai

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama mzima, na paa la jiko limeshazibwa kabla mvua hazijawakuta mnapika na mwavuli. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana najua utasoma kwa sauti naye yuko mkekani anachambua mchele, na asiposalimiwa kwanza barua yote itaharibika. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Salma kanenepa kidogo, usimwambie nimesema.

Najua unajiuliza kwa nini nisipige simu kama watu. Na ukiutazama mwandiko utasema huyu kamwandikisha mtoto wa chekechea. Hapana. Ni mimi Hamisi, naandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kalamu nimeizungushia kitambaa inenepe ili vidole viishike, na kila baada ya mistari michache napumzika, napiga funda la chai, naendelea. Hapo rudia tena, msomee mama polepole: kwa mkono wa kulia. Nitasubiri amalize kulia.

Sasa nianzie pale tulipoachana. Mara ya mwisho ulipokuja kuniona hospitali, baba mdogo alikuwa ameshanipigia simu akitaka nimpe idhini akuozeshe kwa niaba yangu. Nikampa. Baba yetu hayupo, mimi ndiye walii wako, na walii ndiye wa kumshika bwana harusi mkono siku ya ndoa. Mkono wenyewe ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, vidole vimekunjamana, daktari anasema tusubiri tuone kama vitafunguka. Nilidhani nimekurahisishia. Wewe ukasimama mlangoni mwa wodi, ukasema mbele ya wauguzi, "Kaka yangu hajafa. Kama si yeye wa kumshika Idrisa mkono, siolewi." Ukabeba kikapu chako ukaondoka.

Salma alicheka. Mimi sikucheka, niliona umenitwika mzigo juu ya maumivu. Nilijua wazee wa Idrisa wameshaanza kunung'unika kwamba Ramadhani itaingia mnangoja mkono wa mgonjwa. Na kusema kweli sikuogopa vidole peke yake. Niliogopa namna mkono ulivyo. Uliuona mwenyewe, ngozi ya paja imebandikwa kiganjani, mabaka meupe na meusi, makovu yamevimba. Nikawa najiuliza nani atataka kuushika huu mbele za watu, siku ya furaha yake.

Siku ya moto siielezi tena, mmeshaisikia mpaka mmechoka: nyumba ya wapangaji, mtungi wa gesi, na mimi nimetangulia mlangoni na mpira wa maji. Waliokuwemo walipona wote, na mimi nikapona, yatosha. Nataka nikwambie ya baadaye, ambayo wewe uliyaona vipande vipande. Mama aliteremka kwenye treni na dumu la asali na kiroba cha matobolwa, vile viazi vyake vya kukaushwa, kana kwamba Dar hakuoti kiazi. Muuguzi akamkataza kunipaka asali kwenye vidonda. Mama akasema sawa mwanangu, basi nitampaka kwa ndani, akawa ananilisha kijiko asubuhi na jioni. Siku za kubadilisha bandeji, nikianza kupiga kelele, alikuwa anatoka nje. Akirudi macho mekundu anasema vumbi la Dar ni baya. Salma ndiye aliyekuwa anabaki. Alinilisha, alinipigisha mswaki, alinikuna pua. Askari mzima wa zimamoto nakunwa pua. Nilikuwa namfokea kwa hasira za maumivu, naye ananijibu, "Maliza, halafu ufungue mdomo, uji unapoa." Mwanamke yule Mungu amlipe, mimi siwezi.

Kisha akatokea mtani. Ni Bi Mwanahawa, yule anayesimamia mazoezi ya viungo, Mzaramo wa Kisarawe. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Tabora, Ng'ambo. "Mnyamwezi?" Nikaitikia. Akaweka mikono kiunoni, akaniamkia kwa Kinyamwezi chetu.

"Mwangaluka, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakipita kwetu wanaomba maji. Leo wamekuleta wewe, na kikombe cha plastiki kimekushinda."

Wodi nzima ikageuka kuniangalia. Unajua ilivyo, Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana tangu enzi za misafara, mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako humdai. Basi nikawa nimekwisha. Alichukua ndizi zangu. Alichukua matobolwa ya mama, akawa anatafuna mbele yangu, anasema nikiyataka nimnyang'anye kwa mkono wa kulia. Na mama badala ya kunitetea anamwongezea.

Kuna siku niligoma. Zoezi lilikuwa kubana sponji. Sponji, Zuhura, ya kuoshea vyombo. Vidole havikusogea hata kidogo, maumivu yananipanda mpaka begani, nikamwambia aniache, mkono umekufa. Hakunibembeleza. Aliniambia nishuke nikae kwenye kiti, akalala yeye kitandani kwangu, akajifunika kanga ya Salma mpaka kidevuni, akaanza kuniigiza kama watani wanavyomwigiza marehemu msibani. "Jamani, mimi Hamisi, simba wa zimamoto. Moto nauingia kifua mbele. Lakini sponji, mama yangu, sponji niondoleeni, itaning'ata." Halafu akageukia ukutani akakoroma. Mama akawa wa kwanza kucheka, akachomeka na la kwake: "Hapo umepunguza, huyu akikoroma nzi wanahama." Wagonjwa wanacheka wameshikilia vidonda. Hasira na kicheko vikanipanda kwa pamoja, nikaokota ile sponji nikamtupia, ikampata usoni.

Bi Mwanahawa akakaa kitako, sponji imemwangukia mapajani.

"Umeirusha kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono wangu kama ni wa mtu mwingine. Salma akapiga kigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Nilifurahi mdogo wangu, nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Haikuishia hapo, usidhani. Nilirudishwa kupasuliwa ili kidole gumba kifunguke, nikaanza upya na sponji ileile. Halafu likaja suala la glovu. Daktari alitaka nivae glovu ya kubana makovu, na ya dukani haikupatikana ya kunitosha. Wewe ukasema kwa simu Idrisa ni fundi cherehani, ashone. Salma akauchora mkono wangu kwenye karatasi nimelala chali, kiganja kinatazama juu, akamtumia. Na Idrisa wako, ambaye maisha yake yote ni kanzu na mashati, akajitahidi akashona glovu safi kabisa ya mkono wa kushoto. Tulicheka hapa mpaka jirani akagonga. Salma akaigeuza ndani ikawa nje, ikageuka ya kulia, na mishono yote ikabaki nje isinikwaruze. Bi Mwanahawa anasema hajaona glovu nzuri kama hiyo. Usimwambie Idrisa kwamba ni bahati, mwache ajisifu.

Sasa sikiliza ya Ijumaa, hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Tangu nitoke hospitali nimekuwa nikisali safu ya mwisho, karibu na mlango. Imamu akitoa salamu tu, mimi huyo, viatu mkononi, kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Salma aliliona hilo, jinsi ninavyowahi kurudi. Ijumaa hii msikiti ulijaa, nikasukumwa mpaka safu za katikati, nikabanwa kati ya watu. Glovu nilikuwa nimeivua kwa ajili ya udhu, iko mfukoni mwa kanzu. Salamu ikatolewa, na mzee mmoja upande wangu wa kulia, mtu mnene, mgeni kwangu, akaninyooshea mkono. Nikafikiria kutoa wa kushoto, nikaona huo utakuwa utovu wa adabu. Nikatoa wa kulia.

Akaupokea. Alipousikia ulivyo akautazama, kisha akauwekea na mkono wake wa pili juu.

"Moto?"

"Moto, mzee."

"Pole. Alhamdulillahi uko nasi."

Hakuuachia haraka. Nami nikalisikia joto la viganja vyake, Zuhura. Ile ngozi iliyokuwa haisikii kitu, hata maji ya moto naambiwa na Salma, ililisikia joto la mtu. Kisha akanyoosha mkono jirani yangu wa upande wa pili, na mwingine, na mwingine. Nikabaki nimekaa napeana mikono na msikiti mzima, machozi yananitoka wala siyafuti. Niliporudi nyumbani Salma aliniuliza kwa nini nimechelewa, nikamshika mkono tu. Akaelewa.

Bi Mwanahawa nilipomsimulia akasema faini yake ya utani ni asali, dumu, si chupa, na kwamba atakuja Tabora na mimi siku ya harusi kukaa mlangoni kuzuia msafara wa bwana harusi, maana Wanyamwezi walizoea kupita kwao bure. Nami naamini atakuja. Mama aanze kuitafuta hiyo asali.

Nisalimie bibi yetu wa Kwihara, mwambie mjukuu wake mkubwa anakuja kumsumbua kwa mlenda. Nisalimie shangazi, na mama Idrisa, mwambie nashukuru kwa uvumilivu wake na wa wazee. Baba mdogo mpe shikamoo, umweleze kwa adabu kwamba idhini niliyompa nimeichukua, asikasirike, kazi ya kugawa pilau bado ni yake. Daktari ameniruhusu kusafiri. Salma ameshaanza kupanga nguo, kwa hiyo chagueni siku kabla ya mwezi kuandama, mtujulishe tukate tiketi.

Idrisa mwambie hivi. Najua ni mpole, atataka kunishika kwa ncha za vidole kama anashika yai. Asithubutu. Sheikh akisema tupeane mikono, anishike sawasawa, aubane. Wakati natamka kwamba nimemwoza dada yangu, nataka niusikie mkono ninaomkabidhi.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado yupo,
Hamisi