Kumi na Tano Mbele ya Kumi na Nne

Kilosa, Jumapili. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali, na mimi sina hamu ya kuonana na mtu.

Nimeandika humu mara nyingi kwamba najifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, na kwamba niliamua kuanza na ule wa zamani: vipande kumi na vitano vyenye namba, nafasi moja wazi, unavisogeza kimoja kimoja mpaka namba zifuatane. Sikuandika kwamba nilimtengenezea baba.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Maneno yamerudi, mkono wa kulia bado. Kinachomsumbua ni hofu kwamba na akili imeondoka. Nikamwachia mchezo kwenye laptopu yangu kuukuu, nikarudi Mikumi kwenye kazi yangu ya mapokezi hotelini.

Kabla reli haijakodishwa na yeye kupunguzwa kazini, baba alipanga mabehewa hapa stesheni miaka mingi. Lipi litangulie, lipi lisubiri njia ya pembeni. Mchezo aliuelewa kabla sijamaliza kuueleza.

Siku ya tatu alinipigia simu. Zote zimekaa sawa, isipokuwa mstari wa mwisho: kumi na tano iko mbele ya kumi na nne, na hakuna namna ya kuzipitisha.

"Hii haipangiki, mama," akasema. "Hapa kuna behewa limebebwa juu ya lingine."

Nilikuwa na wageni mbele yangu. Nikamjibu kwamba kompyuta haikosei, ajaribu tena taratibu.

Nilisema hivyo. Mimi.

Akajaribu siku nne. Mama anasema alikuwa anakula huku ameipakata. Nyumbani kwetu neno la mtoto aliyesoma halipingwi, hata na yule aliyemsomesha. Jumapili iliyopita nilipokuja akanirudishia laptopu, pamoja na barua ya kumpelekea mchungaji, aliyoiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto: asipangwe tena kusoma masomo ibadani, kichwa chake hakitoshi. Niliipeleka mwenyewe. Nikaona ni unyenyekevu tu wa uzee.

Alhamisi, Mikumi, nikawa napitia programu yangu upya, ndipo nikaona. Nilikuwa nachanganya namba kwa kuzitupa popote. Ukifanya hivyo, nusu ya mafumbo hayana jibu kabisa. Ilinipasa nianze na namba zilizokwisha kupangwa, nizivuruge kwa kuzisogeza tu, kama mchezaji anavyozisogeza. Mimi nilizibeba nikazirusha. Baba alikuwa ameniambia hivyo hivyo kwenye simu, na hajui hata programu huandikwaje.

Leo kanisani aliketi benchi la nyuma. Somo la kwanza alisoma kijana mmoja, akakwama kwenye majina, na nikaona midomo ya baba ikiyatamka.

Tuliporudi nilimweleza yote. Nikachora kwenye karatasi, nikamwonyesha mahali nilipokosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Wewe ni mtoto mwema," akasema. "Lakini usinidanganye ili nifurahi."

Nilikwenda jikoni, nikalia. Mama alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho.

"Alipokwambia haipangiki, ukasema inapangika. Leo unasema haipangiki. Unataka akuamini mara ngapi?"

Nikajifuta uso, nikaichukua laptopu.

Mchezo nimeshaurekebisha. Sasa kila fumbo lina jibu. Nimeufungua mbele yake, akasema macho yamechoka, akageukia dirishani.

Nilisoma ili nimsaidie. Kwa elimu hiyo hiyo nimemwondolea kitu ambacho kiharusi kilimwachia.

Kesho, kabla ya kupanda basi la Mikumi, nitapita kwa mchungaji. Nitamwambia kosa ni langu, nimwombe anirudishie ile barua na amrudishe baba kwenye zamu ya kusoma. Akiniuliza kama baba ndiye aliyenituma, nitamjibu nini?