Majina Kumi na Saba kwa Mwandiko Wangu

Mnyambe, Newala
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Kaka aliniandikia kwamba umeanza kwenda shambani bila fimbo, nikamshukuru Mungu, ingawa kaka namjua, huandika mambo jinsi anavyotaka yawe. Na kifua cha Mama kimestahimili baridi ya mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Huku kwetu juu ya uwanda jua limekausha kila kitu, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye madaftari ya watoto, na maji tunayashukia bondeni asubuhi na mapema, tunapanda nayo kichwani.

Uliuliza kwa nini nimekaa miezi mitatu bila kuandika. Nilianza barua mara mbili nikazichana. Baba, nimefanya jambo, na kabla hujalisikia kwa mtu mwingine nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitufundisha kwamba Mungu aliwaumba watu wote kutoka kwa mtu mmoja, kisha akagawa nchi, kila taifa na mpaka wake? Nikakuuliza, Ruthu je, aliyevuka mpaka akaokota masazo katika shamba la watu? Ukacheka, ukasema maswali yangu yatanitoa nyumbani. Yamenitoa, na huku nimeyakuta yananingoja.

Nimewahi kukutajia mzee Paulo Likanda, mwalimu wa dini wa kanisa letu hapa. Nilipofika miaka minne iliyopita na sanduku langu la bati, shule haikuwa na nyumba ya mwalimu. Yeye na mkewe, Mama Teresia, walinipa chumba, wakanikalisha mwaka mzima. Ndio walionifundisha Chimakonde cha kuombea chumvi na cha kufariji wafiwa. Mzee huyu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Mama yake alivuka naye mgongoni wakati wa vita vya kule. Amekulia hapa, ameoa hapa, amezika watoto wawili hapa.

Alipotaka kulima, mzee mmoja wa hapa alimpa pori lenye mikorosho iliyotelekezwa. Enzi hizo korosho hazikuwa na maana, ushirika ulikuwa unachukua mzigo na wakulima wanasahauliwa, watu wakaiacha mikorosho imezwe na nyasi. Likanda akafyeka, akapogoa, akapulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mwaka hadi mwaka. Sasa soko limeachiwa huru. Wanunuzi wanakuja na malori yao hadi kijijini, wanashindana, na mkorosho umekuwa mali. Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni.

Aliyeanza ni mzee Mchopa, mpwa wa yule aliyetoa pori, ambaye amekwisha kufa. Mchopa ni mzee wa kanisa, ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Sikumwona kama mtu mbaya. Alisema tu, kila alipopata nafasi, kwamba kule ng'ambo sasa amani imerudi, na kwamba mgeni mwema hujua siku ya kuaga.

Kabla ya msimu wa korosho mtendaji wa kijiji alikuja shuleni na daftari. Mvua zilikuwa zimetupa kisogo na kila nyumba ilikuwa inapunguza chakula. Alisema mahindi ya msaada yanakuja, na kwamba kuna mgao wa pekee kwa wale waliotoka ng'ambo, kwa hiyo anataka majina ya wakuu wa kaya, mahali walipozaliwa na mashamba wanayolima. Alisema mwandiko wangu ndio unaosomeka. Sikujiuliza mahindi yanahusiana vipi na mashamba. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, Baba. Sikujiuliza.

Likanda mwenyewe alifuatana nami nyumba kwa nyumba, maana watu walikuwa wanaogopa na yeye walimwamini. Mama Teresia alimwambia aseme amezaliwa Newala, nani atajua? Mzee akamtazama kwa upole, kisha akanigeukia mimi.

"Andika ng'ambo ya Ruvuma, mwalimu. Sitaki kula mahindi ya uongo."

Nikaandika. Yalikuwa majina kumi na saba, na la kwake lilikuwa la kwanza.

Wiki mbili baadaye tuliitwa mkutanoni, uwanja wa ghala la zamani la ushirika. Mtendaji alifungua lile daftari akasoma majina yote, taratibu, kama anayesoma matokeo ya mtihani. Kisha akasema waliotajwa si raia, waende Newala kuonyesha vibali vyao au warudi kwao, na mashamba yao yatakuwa chini ya kamati ya kijiji hadi mambo yaeleweke. Mahindi hayakutajwa. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliokuwa wamekaa karibu na waliotajwa walianza kusogea, mmoja mmoja, kama watu wanaofuata kivuli, mpaka zile kaya kumi na saba zikabaki zimekaa peke yao juani.

Nilimfuata mtendaji baada ya mkutano. Nilimwambia amenidanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika hata kidogo. "Mwalimu," akasema, "hapa kijijini mwandiko huu nani asiyeujua?"

Nikapanda lori la chumvi hadi Masasi kumwona padre wetu. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Alisema moyo wake unamuuma, ila tumefundishwa kuitii mamlaka, na wakati huu wa vyama vingi kanisa likisema neno litaambiwa lina chama. Nikamwambia Bwana wetu alizaliwa wazazi wake wakiwa katika safari ya kuandikishwa, na kabla hajajua kutembea alikuwa mkimbizi Misri, sijui mtendaji wa Misri angemwandika wapi. Padre akakoroga chai yake. Akasema tusubiri. Nilirudi kwa lori lile lile, na tulipopita Chiungutwa niliona watu wawili wamejitwika vitanda, wanaelekea upande wa mto. Sikuuliza.

Jumapili iliyofuata Likanda alisimama kama kawaida yake. Alisoma ile torati inayosema mgeni akaaye kwenu mumhesabu kama mzaliwa, kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni Misri. Hakuhubiri. Aliuliza tu, kuna nani humu ambaye babu au bibi yake hakuvuka Ruvuma? Baba, Wamakonde wa hapa na Wamakua wa Masasi, wote wanasimulia jinsi wazee wao walivyotoka kusini. Hakuna mkono ulioinuka.

Mchopa akasimama na kapu la sadaka mkononi. Alisema watu wa Mungu waliporudi kutoka uhamishoni walijenga ukuta kwanza, kisha wakawatenga wageni, na hayo nayo yamo katika Maandiko hayo hayo. Kisha akasema neno ambalo bado nalisikia.

"Waliovuka kabla ya mpaka hawakuvuka."

Akaendelea kupitisha kapu. Watu wakatoa sadaka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kimya kimya, na kimya hicho ndicho kilichonitisha kuliko matusi. Watoto darasani waliwaachia watoto wa zile kaya dawati la nyuma bila kuambiwa na mtu. Mama Teresia akibisha hodi, mlango haufunguki, na ndani unasikia kijiko kinagusa sufuria. Asubuhi moja alifunua kisima chao cha saruji wanachovunia maji ya mvua, akakuta maji ni ya njano, salfa imeelea juu kama unga. Alikaa pale ukingoni hadi jua likapanda. Siku hiyo hiyo akawachukua wajukuu wakateremka bondeni kwenda kuvuka Ruvuma. Mimi nilimbebea mzigo hadi mwisho wa uwanda. Hakunilaumu. Aliniambia nirudi kabla watu hawajaniona, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Likanda alikataa kwenda. Alisema akiondoka atakuwa ametia sahihi kwamba hakuwa wa hapa. Basi nikafanya lile ninalokueleza. Nikaandika barua kwa mkono huu huu, kwamba majina yale niliyachukua kwa udanganyifu wa mahindi, nikaweka jina langu na la shule. Likanda akatembea nayo hadi ofisi ya wilaya, Newala.

Akaja bwana mmoja kutoka wilayani kusikiliza. Tulikaa ofisini kwa mtendaji, watu wamejaa madirishani. Yule bwana aliniuliza kama kweli nimeandika mimi. Nikashika ukingo wa meza, Baba.

"Mwandiko ni wangu," nikasema. "Uongo si wangu."

Akaandika. Uamuzi wake ulikuwa hivi: hakuna amri iliyomfukuza mtu, waliokwenda wamekwenda kwa hiari yao. Likanda anaweza kukaa kama mgeni, kwa kibali atakachokuwa anakiomba kila mwaka. Shamba kwa sasa lisimamiwe na kamati. Mwenyekiti wa kamati ya mashamba ni mzee Mchopa.

Tulipotoka ofisini korosho za Likanda zilikuwa zimekwisha kuokotwa zote, mabibo yametupwa chini ya miti, nzi wamejaa. Katika zile kaya kumi na saba, kumi na sita zilikuwa zimevuka. Likanda sasa analala kwenye kichumba cha nyuma cha kanisa, bado anaongoza ibada. Wanaokuja hatuzidi kumi. Wengine wanasali nyumbani kwa Mchopa, na nasikia wanaimba vizuri sana.

Nilimwomba anisamehe. Alisema amenisamehe siku ile ya mkutano. Kisha akasema kusamehe hakumrudishi Mama Teresia. Nikamshukuru kwa kusema kweli.

Mlikuwa mnanitarajia likizo hii. Siji. Nikiondoka hata kwa wiki mbili, atabaki peke yake, na sipendi jinsi watu wanavyokitazama kile kichumba. Usiniandikie kwa anuani ya shule. Barua yako iliyopita ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa ugali. Pitishia kwa mganga wa zahanati ya misheni, nimemweleza.

Msalimie sana kaka na shemeji, na mtoto wao ambaye sijamwona. Shangazi mjane mwambie kitenge alichonipa bado ndicho changu cha kanisani. Salamu kwa wazee wa usharika, na jirani yetu anayekusaidia kuchuma chai, Mungu amlipe. Mama mwambie ninakula vizuri.

Hapo umemaliza kumsomea Mama. Haya yafuatayo ni yako peke yako.

Jana mtendaji alikuja tena shuleni, saa ya mapumziko, na daftari jipya. Safari hii anataka majina ya walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, kabila la kila mmoja, na mwaka aliofika. Amesema ni kwa ajili ya kuwapangia viwanja. Tuko wachache, Baba, na wengine wana watoto wadogo. Nilimwambia siwezi kuandika, mkono unaniuma.

Aliutazama mkono wangu. Akaniwekea daftari mezani, akasema hana haraka, atangoja upone.

Niombee.

Ni mimi binti yako mtiifu, hata kama safari hii sitatii,
Subilaga