Ndara ya Mjomba Uwanjani Marekani

Mjomba Shabani,

Shikamoo naituma na kadi hii. Marahaba nitaipokea hapo Kerege, inshallah.

Jana nusura nifungashwe virago. Mkono wangu unaujua, ni ule ule wa gereji yako: nilipachika raba kwenye springi, gari likanyanyuka kama yale yetu ya barabara ya vumbi. Tajiri akaliona likiwa limeshaingia uwanjani. "Nani kanyanyua gari langu? Gari la mashindano linalala chini!" Tukamaliza wa pili, nami nawaza aibu ya kurudishwa nyumbani.

Kumbe huku mshindi hatangazwi mpaka mkaguzi apitishe kibao chini ya gari, maana sheria inakataza tumbo la gari lishuke chini ya kipimo hicho. Gari la kwanza lilikuwa limelegea springi. Kibao kikakwama, likaondolewa. Kwetu kikapita vile vile ndara yako ya kupimia inavyopita chini ya kila gari kabla hujamkabidhi mwenyewe. Ushindi ukawa wetu, alhamdulillahi! Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi.

Mwambie mama mwanawe amelala usingizi. Mola akuweke, mjomba, wewe na ndara zako. Nimemsimulia tajiri, naye anauliza unavaa namba ngapi.

Mpwa wako,
Hamisi